Hospitali ya Saratani na Masafa ya Tulia

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani wa Kitui au Makueni aliyehitaji tiba ya mionzi katika hospitali ya umma hakuwa na pa kwenda ila Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, iliyowahudumia wagonjwa wa nchi nzima kwa mashine chache, na foleni yake ikawa ndefu huku uvimbe ukiendelea kukua. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya mwaka 2012 iliunda Taasisi ya Taifa ya Saratani, ambayo ni chombo cha uratibu wala si hospitali. Afueni ya vitanda ilikuja mwaka 2019, ilipofunguliwa Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, huko Kahawa, viungani mwa Nairobi.

Hospitali hiyo ina kituo cha picha kinachoonyesha umbo la uvimbe pamoja na utendaji wa chembe zake. Mgonjwa hudungwa sukari iliyounganishwa na floraini inayotoa miale, na kwa kuwa chembe nyingi za saratani hula sukari kwa pupa kuliko chembe za kawaida, hung'aa kwenye picha na kumfichulia daktari mahali ugonjwa ulikosambaa. Floraini hiyo hupungukiwa na nusu ya nguvu zake kila baada ya dakika 110 hivi, kwa hiyo haiwezi kuagizwa ng'ambo na kuwekwa stoo kama dawa nyingine, na ndiyo sababu hospitali ikajengewa saiklotroni, yaani mtambo wa kuitengeneza papo hapo.

Mtambo kama huo ni fahari ya nchi, ila haufupishi safari. Tiba ya mionzi hugawanywa katika dozi ndogo, kwa kawaida siku tano kwa juma na mara nyingi kwa majuma kadhaa, ili chembe nzima zipate nafasi ya kujijenga upya. Basi mkulima wa Tulia, huko Kitui, aliye zaidi ya kilomita 100 kutoka Nairobi, hawezi kwenda na kurudi kila siku, na hata bima ikimlipia tiba, bado atatafuta malazi, nauli na mtu wa kumwachia mbuzi. Vituo vya mionzi vya Nakuru, Mombasa na Garissa vimepunguza msongamano, lakini vyote viko mbali na Tulia kuliko Nairobi ilivyo.

Isitoshe, Ukambani, eneo zilimo Kitui na Makueni, una balaa lake. Mwaka 2004, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yalileta sumukuvu, sumu ya ukungu, na katika mlipuko ulioikumba zaidi Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Sumu hiyo ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka husababisha saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B. Kukoboa mahindi ya muthokoi, chakula cha Wakamba cha mahindi yaliyokobolewa, huipunguza, lakini kupika hakuimalizi. Saratani hiyo mara nyingi hugunduliwa upasuaji ukiwa umeshapitwa na wakati, na hapo hospitali, hata iwe na mtambo gani, hubakiwa na tiba shufaa, yaani ya kutuliza maumivu.

Kila kaya, basi, ianike mahindi juu ya turubai hadi yakauke kabisa, iyatupe yaliyoota ukungu badala ya kuwapa mifugo, na iwapeleke watoto wachanga wakachanjwe dhidi ya homa ya ini, na wasichana wa miaka 10 dhidi ya virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, chanjo inayotolewa nchini tangu mwaka 2019.