Ndoana ya Eastlands: Usile Samaki wa Nairobi River

Kama unaishi Dandora, Kayole ama Umoja na umeanza kupenda ndoana, sikiza kwanza. Ukinasa mumi kwenye Nairobi River, usimpeleke jikoni. Mto unapita kando ya jaa la Dandora, na utafiti wa UNEP wa mwaka 2007 ulipata risasi nyingi kwenye udongo na kwenye damu ya nusu ya watoto 328 waliopimwa. Hiyo haitoki kwa kukaanga.

Yule besi unayemuona YouTube yuko Naivasha, kama kilomita 90 kutoka tao. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, na kamba wekundu wa maji baridi, chakula chake kikuu, wakaletwa 1970. Siku hizi kuna kapi pia, na wanachokora matope kweli.

Shida iko hapo, maana besi huwinda kwa macho. Mvua ya Machi hadi Mei ikishuka, mto Malewa humwaga maji ya udongo ziwani, na unaweza kurusha chambo siku nzima bila kuguswa. Januari na Februari ni afadhali. Rusha pembeni ya mafunjo, vuta polepole. Ukinasa dume anayelinda mayai mrudishe haraka (huyo anauma kwa hasira, si njaa), la sivyo samaki wengine watayamaliza mayai yake.

Chukua leseni ya uvuvi mapema. Na usiingie majini hata kama ndoana imekwama: viboko wa Naivasha wameshaua wavuvi.