Maji Yanavyoharibu Barabara

Mvua za Kigoma huanza kama mwezi wa Oktoba na huendelea hadi Mei. Vijijini Kasulu na Kibondo, barabara nyingi ni za udongo. Mtaro ukiziba, maji hupita katikati ya barabara na kuichimba. Kwanza ni kijimfereji. Baadaye ni korongo.

Hapo lori haliji. Maharage yako hubaki nyumbani, na mchuuzi wa baiskeli hukupa bei aipendayo yeye. Mama mwenye uchungu wa kuzaa hubebwa kwa machela.

Tangu 2017 barabara za vijijini zinatunzwa na TARURA. Lakini mabua yale mtaroni ametupa nani? Mara nyingi ni sisi. Zibua mtaro Septemba, kabla ya mvua. Udongo utakaochimba utupe upande wa shamba, usiurudishe barabarani.