Gharama ya Kumtunza Mwenzi Mwenye Demensia Nyumbani

Demensia ni jina la kundi la magonjwa ya ubongo yanayomnyang'anya mtu kumbukumbu, lugha, uamuzi na hatimaye uwezo wa kujihudumia. Unaoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa Alzheimer huchangia asilimia 60 hadi 70 ya visa vyote. Kwa makadirio ya shirika hilo, watu milioni 57 walikuwa na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Nchini Kenya wengi hutunzwa nyumbani, na mgonjwa akiwa na mke au mume, huyo ndiye mlezi wa kwanza.

Ugonjwa ukitajwa, watu hufikiria bili ya daktari na bei ya dawa. Hapa hesabu iko kwingine. Dawa kama donepezil haziponyi. Huwapunguzia baadhi ya wagonjwa makali ya dalili kwa muda. Kinachokausha mfuko ni saa za kukaa naye. Mgonjwa wa hatua ya kati hutembea, hula na huzungumza, lakini haachiki peke yake. Atafungua gesi bila kuiwasha, au atabandika sufuria na kuisahau. Jua likianza kuzama huingiwa na wasiwasi, akadai kwenda kwao ilhali yuko kwake, akatafuta viatu, akatikisa kufuli ya geti. Saa nane za usiku huamka na kuanza kuvaa, akidhani kumekucha.

Uangalizi huo ukilipiwa kwa mujibu wa sheria, bei yake inatisha. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika majiji ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa Sh16,113.75 kwa mwezi. Wiki ya kawaida ya kazi haitakiwi kuzidi saa 52, na mfanyakazi ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wiki nzima ina saa 168. Hata wakiajiriwa watu watatu kwa zamu, saa 12 hubaki bila mtu, na mishahara yao hupita Sh48,000 kwa mwezi kabla ya posho ya nyumba. Mwuguzi aliyesomea kazi hiyo hulipwa zaidi. Upande wa pili wa mizani kuna Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo wengi huajiri msichana mmoja wa kazi. Anaitwa kupika na kufua. Baada ya wiki chache anamwogesha mtu mzima aliyemzidi uzito, anambadilisha nepi na kukesha naye, kwa mshahara uleule. Akiondoka, wa kulaumiwa si yeye. Mgonjwa naye huanza upya kumwogopa mgeni anayemvua nguo, na hayo ndiyo mazingira ambamo hupiga au kuuma.

Saa zisizolipiwa humwangukia mwenzi. WHO ilikadiria gharama ya demensia duniani mwaka 2019 kuwa dola trilioni 1.3, na takriban nusu yake ilikuwa thamani ya kazi ya ndugu na marafiki wasiolipwa. Asilimia 70 ya saa za uangalizi hutolewa na wanawake. Mke anayefunga kibanda chake cha biashara ili akae na mumewe hupoteza kipato wakati uleule matumizi yanapopanda: nepi 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi.

Bima haizibi pengo hilo. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara, lakini huduma zake zimejengwa juu ya zahanati na hospitali, si juu ya mshahara wa mtu wa kukesha nyumbani. Harambee nayo inafaa upasuaji au mazishi, jambo lenye mwisho. Ni vigumu kuitisha ya tatu kwa ajili ya nepi. Kinachobaki ni watoto. Baadhi yao wako Marekani au Uingereza, wakitunza wazee wa watu wengine ili kumlipa anayemtunza mzazi wao.

Zipo gharama zinazoepukika. Kabla ya kukubali kwamba ni demensia, vipimo vya tezi ya shingo, vitamini B12, Virusi vya Ukimwi na kaswende vinafaa kufanywa, na msongo mkubwa wa mawazo uchunguzwe, kwa kuwa kusahau kunakotokana na hayo kunaweza kutibika. Mgonjwa aliyeharibikiwa ghafla, kwa siku mbili tatu, huenda ana maambukizi ya mkojo au nimonia. Njia ya mkato iliyo ghali kuliko zote ni kumpa dawa kali za kutuliza akili ili nyumba ilale: kwa wazee wenye demensia dawa hizo huongeza hatari ya kiharusi na kifo, na zile za usingizi huwaangusha. Nyonga ikivunjika, uangalizi unaohitajika huongezeka.

Fundo la mwisho ni mali. Familia inaweza kuwa na ploti na akiba benki, na bado ikakosa pesa ya mlezi, kwa sababu akaunti iko kwa jina la mgonjwa na nambari ya siri ameisahau. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka wanandoa wote wawili waridhie kabla mali ya ndoa haijauzwa, naye mgonjwa hawezi tena kuridhia. Hati ya kawaida ya uwakilishi hupoteza nguvu aliyeitoa akipoteza uwezo wa kuamua. Hapo hubaki mahakama, ambayo chini ya Sheria ya Afya ya Akili inaweza kumteua msimamizi wa mali, kwa ushahidi wa daktari, ada ya wakili na miezi ya kusubiri. Ndiyo maana akaunti, madeni na hati za ardhi huorodheshwa mapema, dalili zikiwa bado changa, na wosia huandikwa wakati huohuo: ulioandikwa na mtu asiyeelewa tena anachokitia sahihi hubatilishwa.