Dakika Thelathini na Watoto wa Gredi ya Kwanza
Mwanachama mwenzangu, kipindi cha gredi ya kwanza ni dakika 30 tu. Nilipopelekwa shule ya jirani kufundisha hesabu, niliongea dakika 15 mfululizo. Wawili wakasinzia, mmoja akalia! Samaki mkunje angali mbichi, lakini si kwa maneno matupu.

Basi fanya hivi. Chagua jambo moja, mathalani kujumlisha hadi 10. Anza na wimbo wa kuhesabu, dakika 5. Kisha mpe kila mtoto vizibo 10 vya soda, avipange na kuvijumlisha mwenyewe, dakika 15. Dakika 10 zilizobaki, wakuonyeshe walivyofanya. Asiyeinua mkono, mwendee kwanza. Pengine anajua, ila anaogopa kuchekwa.