Ligi ya timu 20 na hesabu ya barabarani

Msimu wa 2018/19 Ligi Kuu Tanzania Bara ilitanuliwa kutoka timu 16 hadi 20. Zilishuka mbili tu, Njombe Mji na Majimaji, zikapanda sita kwa mpigo: Coastal Union, KMC, JKT Tanzania, Alliance, Biashara United na African Lyon. Nia ilikuwa njema, wala sina sababu ya kuitilia shaka. Musoma ikapata ligi kuu kupitia Biashara United, Tanga ikarudishiwa Coastal yake, na vijana wengi zaidi wakapata mahali pa kuonekana.

Lakini mipango si matumizi. Ligi ya timu 16 ina mechi 240. Ya timu 20 ina mechi 380. Hizo 140 za nyongeza zote zinahitaji waamuzi, makamishna, mafuta ya basi, vyumba vya kulala na posho. Na msimu huohuo mkataba wa udhamini wa Vodacom ulikuwa umekwisha, ligi ikachezwa mwanzo hadi mwisho bila mdhamini mkuu. Yaani kazi iliongezwa kwa zaidi ya nusu, wakati mlipaji mkubwa ameshaondoka.

Tazama ramani uone uzito wake. Ndanda ilikuwa Mtwara, Kagera Sugar ikiwa Bukoba. Kikosi kinachotoka Nangwanda Sijaona kwenda Kaitaba kinaikata nchi kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Victoria, na klabu zetu nyingi husafiri kwa basi. Mchezaji analala kwenye kiti, anakula njiani, anashuka miguu imekufa ganzi, kisha anatakiwa akimbie dakika 90 mbele ya wenyeji waliolala vitandani kwao. Akimaliza anapanda basi lilelile. Klabu isiyo na kampuni, halmashauri wala jeshi nyuma yake hulipia safari ya namna hiyo kwa fedha za matangazo ya televisheni na viingilio vya mlangoni, na mlango wa mechi isiyo ya Simba wala Yanga watu wa mikoani wanaujua ulivyo. Hata Yanga, pamoja na ukubwa wake, msimu ule ilipitisha bakuli kwa mashabiki, na kocha Mwinyi Zahera alikuwa mstari wa mbele kuhimiza michango. Kwamba kikosi kile kilimaliza cha pili kwa pointi 86 ni jambo ambalo wachezaji wake hawajapewa heshima yake.

Kisha kukaja viporo, yaani mechi zilizoahirishwa. Simba ilikuwa Ligi ya Mabingwa Afrika, na ilifanya makubwa: ikawafunga Al Ahly, AS Vita na JS Saoura kwa Mkapa, uwanja uliokuwa bado ukiitwa wa Taifa, ikafika robo fainali na kutolewa na TP Mazembe ya Lubumbashi mwezi Aprili. Taifa Stars nayo ilikuwa na mechi zake, na Machi 2019 iliifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Ilikuwa furaha ya nchi nzima. Ila kalenda ya mechi 38 kwa kila timu haikuacha nafasi ya furaha hizo. Mechi za Simba zikarundikana. Yanga ikakaa kileleni kwa michezo mingi zaidi, na kwa miezi msimamo wa ligi haukumwambia shabiki nani hasa anaongoza. Simba iliporudi kutoka Lubumbashi ikacheza karibu kila baada ya siku mbili tatu, huku wapinzani wake wakiwa wameshajua matokeo wanayoyahitaji. Hapo ndipo haki ya mashindano inapoumia, hata kama hakuna aliyekusudia ubaya.

Simba ikatwaa ubingwa kwa pointi 93, imepoteza mechi tatu tu. Mbili kati ya hizo ilifungwa na Kagera Sugar, nyumbani na ugenini. Kagera Sugar hiyohiyo, iliyochukua pointi sita kwa bingwa, ilimaliza katika nafasi za chini na kuokolewa na mechi za mchujo dhidi ya Pamba. Ushindani, basi, ulikuwepo. Wachezaji walitimiza sehemu yao ya mradi.

Waliolipa gharama ni wengine. Mdhamini alirejea msimu uliofuata, lakini uamuzi wa kupunguza timu nao ukafika: 18 msimu wa 2020/21, kisha 16 tena msimu wa 2021/22. Kupunguza maana yake ni kushusha wengi kwa pamoja. Mwaka 2020 zilishuka Singida United, Lipuli, Alliance, Ndanda na Mbao. Mtwara ikabaki bila timu ya ligi kuu, Iringa ya Lipuli vilevile, na jiji la Mwanza likapoteza mbili, Alliance na Mbao, kwa msimu mmoja. Mikoa ileile tuliyoitanulia ligi ili ifaidike ndiyo iliyotupwa nje tulipogundua kwamba hesabu haikai.

Leo hali ni nafuu. Tangu 2021 kuna udhamini wa NBC na mkataba wa matangazo wa miaka kumi na Azam Media, wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225. Fedha zikionekana, hamu ya kutanua hurudi, na mimi ningependa kuiona Mtwara ikirudi. Ombi langu kwa TFF na Bodi ya Ligi ni moja: kabla ya kuongeza hata timu moja, wekeni hadharani ratiba nzima yenye tarehe za viporo zilizotengwa mapema, pamoja na jina la atakayelipia basi la timu ndogo kabisa kwa safari yake ndefu kabisa. Visipokuwepo hivyo viwili, timu 16 zinatosha.