Fahamu: Namna ya kupunguza bili ya gesi na umeme Uingereza msimu wa Krismasi

Nchini Uingereza, Ofgem, mamlaka inayosimamia soko la nishati, hupanga upya ukomo wa bei kila baada ya miezi 3, na viwango vingine huanza 1 Januari, katikati ya baridi. Wengi hudhani ukomo huo ni kiwango cha juu cha bili. Sivyo. Unabana bei ya kila yuniti. Ukitumia zaidi, utalipa zaidi.

Taa za mti wa Krismasi ndizo hulaumiwa kwanza, lakini za LED hula umeme kidogo sana. Fedha nyingi huishia kwenye kupasha nyumba joto.

Nyumba nyingi hutumia boila ya gesi. Boila ya kisasa huvuna joto lililomo kwenye mvuke wa moshi wake, ila hufanya hivyo vizuri pale tu maji yanayorudi kutoka vyumbani yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ukiiweka ipeleke maji vyumbani yakiwa nyuzi 75 au 80, sehemu kubwa ya faida hiyo hupotea. Jaribu 60: vyumba vitachelewa kidogo kupata joto, lakini gesi itapungua. Mwenye tangi la maji ya moto asishushe joto la tangi chini ya 60, kwa sababu ya bakteria wa legionella.

Funga mapazia jua likizama. Kwa wazee, watoto wachanga na wagonjwa usibane matumizi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau nyuzi 18. Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingizwe ndani kamwe, hata dirisha likiwa wazi. Kaboni monoksidi haina harufu, na inaua.