Ng'ombe Akishindwa Kusimama: Tiba ya Viungo vya Mifugo ni Kazi

Ng'ombe akianguka baada ya kuzaa, mfugaji wa Kabazi asikimbilie kumwita mchinjaji. Mara nyingi chanzo ni homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu katika damu. Daktari wa mifugo akimdunga kalsiamu mapema, wengi husimama. Akichelewa, uzito wa ng'ombe mwenyewe hubana misuli na neva za miguu ya nyuma na kuziharibu kwa saa chache tu.

Hapo ndipo tiba ya viungo inapohitajika: kumlaza juu ya nyasi kavu nyingi, kumgeuza ubavu kila baada ya saa chache, kumkanda miguu na kumsaidia kusimama bila kumburura.

Kijana anayeipenda kazi hii aanze na masomo ya afya ya mifugo katika taasisi ya AHITI, Nyahururu, au shahada ya udaktari wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro. Akihitimu, sheria ya 2011 inamtaka asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo (KVB) kabla ya kutibu. Baadaye ajiongezee ujuzi wa viungo.

Mfugaji naye, kabla ya kumkabidhi mtu ng'ombe wake, aombe kuona cheti cha usajili.